Beringi Zilikuwa za Nani

Mama yangu hakuwahi kununua mkate bila kuugeuza kuona chini. Maziwa aliyanusa mbele ya muuzaji, na kanisani walipotangaza kwamba mabati ya paa yameshafika, yeye ndiye aliyezunguka nyuma ya jengo kuyaangalia mabati yenyewe. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia, huku akikung'uta hata shuka iliyotoka kuanuliwa. Nilikulia mtaa wa Umoja, katika nyumba ya namna hiyo, na ugonjwa huo wa kushuku nikaurithi mzima mzima. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana wa Umoja na mtaa jirani wa Mowlem tulikuwa na mchezo mmoja mkubwa siku za Jumamosi. Upande wa Mowlem palikuwa na barabara ya murram, ile changarawe nyekundu, iliyoteremka kuelekea mtoni, na hapo tulishindana kwa magari ya kujiundia: ubao wa kukalia, ubao mwingine wa mbele wa kugeuzia kwa miguu na kamba, na magurudumu manne ya beringi. Beringi ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ambayo magereji huitupa ikichakaa. Ikiwa bado ina uhai huzunguka kwa mlio mwembamba unaoingia mpaka kwenye meno. Ikifa, hukwaruza na kukwama. Chini ya mteremko palikuwa na kioski, na mwenye duka ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu. Aliandika matokeo kwa chaki kwenye mlango wake wa mabati, wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuyafuta mpaka Jumamosi iliyofuata.

Tulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona mahali pengine. Mshindi alikuwa na haki ya kuchagua beringi moja kutoka gari lolote alilolishinda. Aliyechaguliwa aliing'oa mwenyewe, papo hapo, akaikabidhi bila kununa, na badala yake akapewa beringi iliyochoka ya mshindi, ili gari lake lisikae chini. Tuliona ni haki. Hakuna aliyewahi kuuliza jambo ambalo mama yangu angeliuliza kabla ya kumaliza kusikiliza: kwamba kwa sheria kama hiyo, aliyeshinda leo kesho atashindwaje?

Mimi ndiye niliyeshinda misimu miwili. Nasema kwa aibu sasa, lakini wakati ule nilitembea Umoja nzima kama mtu aliyejenga barabara zake. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na alikuwa ameshazungumza na msimamizi wake ili nikimaliza shule nianze pale kwenye kupakia. Mimi sikutaka sabuni. Nilitaka magari ya kweli, na jina langu la chaki mlangoni kwa yule mwenye duka lilinifanya niamini kwamba nina haki nayo.

Wa pili, karibu kila Jumamosi, alikuwa msichana wa Mowlem, rika langu, binti ya mchonga vinyago aliyetoka Ukambani. Alichonga mbao zake mwenyewe kwa tindo za babake. Akiteremka alikuwa na mtindo wake wa kulala upande wa kushoto, bega likikaribia kugusa vumbi, nami nikaona ni maringo. Jambo lililonikera zaidi ni kwamba hakununa. Mtu anayeshindwa kila wiki na bado anakusalimu vizuri, niliwaza, ana jambo. Babake ana tindo, tindo hutoboa mbao, na ndani ya ubao uliotobolewa unaweza kuficha chuma. Gari zito huteremka haraka. Kwa hivyo niliamini ananidanganya, tena huku akiwa wa pili, wazo ambalo lingemchekesha mtu yeyote mwenye akili timamu.

Ili kumkomesha, kila niliposhinda nilichagua beringi kutoka kwake.

"Ya mbele, kulia," nilimwambia.

"Sawa," alijibu, akapiga magoti akaanza kuing'oa.

Kila Jumamosi nilimvua gurudumu zima, hata lile aliloliokota gerejini wiki hiyo, nikampa bovu langu, na kila Jumamosi iliyofuata alikuwa wa pili tena. Ushahidi wote ulikuwa pale mlangoni kwa chaki, mkubwa wa kutosha kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi mshukuzi hodari sikuusoma.

Kisha akaja fundi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye gereji ya kukodi, na kila mwaka msimu wa Pasaka alifuata magari ya rali nchi nzima akiwa na vipuri nyuma ya pikapu. Alisimama Jumamosi mbili mfululizo kando ya kioski, mikono mfukoni, akitutazama tu. Mama aliposikia alikuja mwenyewe mpaka Mowlem kumwangalia kuanzia viatu hadi kofia. "Mtu mzima na gari lake anatafuta nini kwa watoto wa watu?" aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Fundi hakukasirika. Alieleza kwamba nje ya mji kuna uwanja wa vumbi ambako hufanyika mbio za chipukizi, Jumapili alasiri, kwa magari madogo ya injini. Watoto wa wenye uwezo huanza pale wakiwa wadogo kabisa, na wanaofanya vyema ndio wanaotazamwa na wenye magari makubwa. Yeye alikuwa ameunda gari moja dogo kwa mikono yake na kiti kilikuwa kitupu. "Nataka mmoja wenu," alisema. "Mmoja tu."

Wote waligeuka kunitazama. Hata mwenye duka alinionyesha kwa kidole, kisha akaonyesha mlango wake. Lingeishia hapo kama ningekaa kimya, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilimwona yule msichana akitabasamu, na tabasamu hilo likaniwasha mwili mzima. Nilijua hasa anachowaza: kwamba anamsubiri fundi aondoke kidogo, amfuate, amnong'oneze neno.

"Fundi, kabla hujaamua," nilisema, "hiyo gari ya huyu dem ina siri. Wacha tubadilishane. Yeye apande yangu, mimi nipande yake, uone vile itakuwa."

Nilitaka kukisikia kile chuma kwa makalio yangu mwenyewe. Nilikuwa nageuza mkate kuona chini.

Msichana alilitazama gari lake, kisha mimi. "Una uhakika?" aliuliza.

"Ama unaogopa?"

"Siogopi," alisema, akanipa kamba yake.

Gari lake lilikuwa jepesi. Hilo nililijua mara tu nilipolivuta kupanda nalo juu: hapakuwa na chuma chochote, lilikuwa ubao tu, tena uliopunguzwa kwa ustadi mpaka ukabaki pale pa lazima. Tulipoachiliwa, hatua chache tu, beringi ya mbele ya kulia ilianza kukwama. Niliitambua kwa mlio wake. Ilikuwa yangu, ile niliyompa majuma matatu nyuma, yenye gololi zilizobaki chache. Kila ilipokwama gari lilivuta kulia, kuelekea mtaroni, na njia pekee ya kulinyoosha ilikuwa kulala kushoto, bega mpaka karibu na vumbi. Nilielewa maringo yake yalikuwa nini nikiwa tayari nimechelewa. Nililala kushoto nikazidisha, nikavuka barabara nzima, nikapita katikati ya uzio wa makopo na kuingia kwenye sukuma wiki za mama mmoja aliyelima kando ya mto. Alinikimbiza kwa mabonge ya udongo mpaka kioski.

Huko nilikuta mbio zimekwisha zamani. Yeye, na beringi zangu nne zilizo nzima, nyingi kati yake zikiwa zake tangu awali, alikuwa amepita mlango wa duka kabla ya wengine kufika nusu ya mteremko. Waliniambia hakuinama wala kulala. Alikaa tu wima kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni.

"Amelegeza kitu kwa gari yake kusudi!" nilipiga kelele, nikiwa na jani la sukuma shingoni.

"Kijana," mwenye duka aliniambia akichovya kitambaa kufuta chaki, "mbio za sakafuni huishia ukingoni." Watu walicheka sana. Kisha akamgeukia fundi, kwa sauti ya mtu anayejali: "Lakini msichana na magari, Fundi? Si ataumia?" Msichana alisikia. Nilimwona amesikia, kwa sababu hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekunja uso.

Fundi akamchagua yeye.

Sikumwonea wivu kwa siri. Niliumia waziwazi, nikakataa kula siku mbili, mpaka mama akaanza kushuku nimelishwa kitu. Msichana naye alipata ruhusa kwa babake kwa masharti kwamba asikose ibada ya asubuhi. Basi kila Jumapili iliyokuwa na mbio alitoka kanisani na gauni lake, akapanda pikapu ya fundi, na kubadilisha nguo nyuma ya turubai huko uwanjani.

Nilikwenda kutazama mara moja. Fundi alinibeba nyuma ya pikapu pamoja na magurudumu, bila kinyongo. Sijui nilitarajia nini. Nilikuta watoto wenzake wamekuja na baba zao, na kila baba amekuja na mafundi wake. Kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa pili wa mji, bingwa wa chipukizi, aliyekuwa na magari mawili yanayofanana, ili moja likipata homa apande la pili. Matairi yake bado yalikuwa na vinyweleo vya kiwandani. Gari la fundi wetu lilikuwa na injini iliyotolewa kwenye pampu ya maji, na usukani wake niliwahi kuuona katika trekta iliyokufa.

Nilisimama kwenye kona ya mbali kabisa, mahali ambapo wazazi hawakupenda kusimama kwa sababu ya vumbi. Kutoka pale niliona jambo ambalo halikuonekana kwenye mstari wa mwisho. Kila mzunguko, magari mawili au matatu yaliingia kwenye kona mbele yake, na kila mzunguko alitoka kwenye kona ile akiwa ameyapita. Halafu barabara ikanyooka, injini za wenzake zikavuta pumzi, zikampita tena. Kona, akawapita, barabara nyoofu, wakampita. Aliendesha hivyo mpaka mwisho, na karatasi iliyobandikwa ukutani ikasema alikuwa wa tisa kati ya kumi. Kumbuka nilikuwa nimeshapanda gari lake la mbao. Uwanja mzima ule, mimi pekee ndiye niliyekuwa nimekalia mahali pake na kuonja anachofanya.

Jioni alinikuta nikipakia magurudumu. "Umeonaje?" aliuliza, uso wote vumbi isipokuwa pale palipokuwa na miwani. "Nataka hii kitu, walai. Nataka mpaka naota."

"Umejaribu," nilimwambia.

Msimu ulipoisha fundi alikuja Umoja kututembelea. Ilikuwa siku ya kazi, alasiri. Mimi nilikuwa barazani nikipaka rangi viatu vya kazi, kwa sababu Jumatatu yake nilikuwa naanza kiwandani. Alikataa kuingia ndani. Alichuchumaa karibu yangu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mfukoni mwa shati.

"Kuna tajiri mmoja," alisema, "ana gari zuri na anatafuta kijana wa kumweka msimu ujao. Nimempelekea jina la huyu binti. Ameangalia karatasi akaniuliza, fundi, wa tisa? Mimi najua gari langu ni pampu ya maji yenye usukani. Lakini mimi ndiye niliyemchagua, na mtu huweza kupenda alichokichagua mwenyewe. Kabla sijarudi kumsumbua mtu mkubwa, nataka kusikia kwa mtu mwingine. Wewe umeshindana naye misimu miwili, na ulisimama kwenye ile kona. Niambie ukweli. Ni gari, au ni yeye?"

Nimeshauliza swali hilo mara nyingi tangu hapo. Kila nikiona karatasi ya matokeo ya watoto, iwe ya mbio au ya darasani, na watu wakisema huyu atafika na huyu hatafika, mimi huuliza beringi zilikuwa za nani. Watu hunichoka. Lakini siku ile ambayo swali lilikuwa langu kulijibu, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, niliendelea kupaka kiatu.

"Gari halijiendeshi, Fundi," nilisema.

Alisubiri kidogo, labda akidhani nitaongeza neno. Nikachovya brashi tena kwenye rangi ya viatu. Alikunja karatasi yake, akaniambia nimsalimie mzee, akaenda. Sikusema uongo hata silabi moja, na hivyo ndivyo sisi washukuzi tunavyodanganya. Nilijiambia nimekuwa mwangalifu tu, kwamba mama alitufunza tusimdhamini mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikienda kwenye sabuni na sikutaka yeye aende nisikokwenda mimi.

Tajiri alimchukua yule bingwa wa magari mawili. Miaka kadhaa baadaye nilisikia redioni kwamba kijana huyo ameingia rali kubwa, na kabla ya jua kuzama siku ya kwanza ameshaacha mashindano. Nilifurahi vibaya. Nilitaka iwe ushahidi wa kitu. Kisha nikakumbuka kwamba hata yeye sijui, ni gari, au ni yeye, na furaha ikaniishia nikiwa bado nimeshika redio.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilichukua likizo nikaenda mjini kutazama magari ya rali yakiondoka. Watu walikuwa wamejaa pande zote za barabara. Mtu akanigonga begani.

"Niaje, bingwa," alisema. Alikuwa yeye, mtu mzima sasa, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Poa. Uko wapi siku hizi?"

"Naendesha pikapu ya maziwa. Bado Mowlem, bado kwa mzee."

Tulisimama pamoja. Gari lilipopita alifumba macho akasikiliza, kisha akaniambia huyu anaogopa gari lake, huyu amebadilisha gia mapema, huyu anajua. Sikuhitaji kutazama namba za magari kujua kwamba yuko sahihi. Niliona jinsi kidole chake cha gumba kilivyosogea kwenye funguo kila injini ilipopanda, nikatamani niondoke.

"Unajua," alisema baada ya muda, "fundi aliniambia kitu. Alisema angerudi kwa yule tajiri kuniombea, lakini hata mtaani kwetu kuna msee, jamaa wa hapo hapo, alimwambia mimi siwezi. Hakunitajia jina. Alikufa bila kunitajia."

"Pole," nilisema.

"Mimi namjua lakini. Si ni yule mzee wa duka? Si ulimsikia siku ile, msichana na magari? Tangu hapo sijanunua hata kiberiti kwake. Naenda mpaka stendi. Mwaka jana mkewe alifariki, na ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, na sikwenda matangani. Mama alilia, alinibembeleza. Hata mkono sikumpa." Alifuata gari jingine kwa masikio mpaka likapotea. "Wewe ndiye mtu pekee sikukushuku hata siku moja. Kwa sababu wewe ulipanda ile gari yangu. Wewe ulijua."

Nilitazama barabara.

"Kuna siku nafikiria pengine nimemwonea," alisema. "Ananisalimia bado, unajua? Kila siku. Unaonaje, ni yeye ama si yeye?"

Alinigeukia akasubiri, uso wazi kabisa, kama fundi alivyosubiri pale barazani.

"Huwezi jua," nilimwambia. "Pengine ni yeye." Halafu nikamnunulia soda.